Miguu ya Zéphirin

Samedi asubui Josée alikuwa anaosha sahani mu lupango ya nyumba yake ku Kakontwe. Mulango ikafunguka, miguu mbili ikaingia na sandale ya plastiki. Ilikuwa miguu ya Zéphirin, bwana yake wa zamani. Yeye mwenyewe alibakia kwake mu Likasi, ku kitanda.

Josée akaangalia nyuma ya miguu. Mutoto yao, Princesse, hakukuwa.

Wakati baliachana, familia mbili balikala pamoja, bakakula bukari mu sahani moja. Zéphirin akaapa mbele ya bote: «Kila samedi miguu yangu itafika kwa Josée, na mutoto.» Samedi ya kwanza tu akafunga Princesse mu nyumba na funguo. Josée akaenda ku polisi. Polisi akasema: «Mama, hiyo ni affaire ya familia.» Njo miguu ikaanza kuya yenyewe, kushika kile kiapo.

Jirani, mama Orpa, akatosha kichwa juu ya ukuta ya lupango.

— Josée, uko na mugeni?

— Ni miguu tu.

— Bwana bila kinywa! Ulibarikiwa, weye. Ipatie kazi basi.

Josée akamwaga maji ku udongo. Miguu ikakanyaga potopoto ya matofali mupaka jua ikashuka. Samedi ingine, vilevile. Kisha Josée akavunja chupa, akachanganya bipande mu potopoto, sawa vile mutu anatia chumvi mu mboga.

Magaribi miguu ilikuwa inarudia Likasi, inajishikisha tena ku mwili. Zéphirin alikuwa analia, anatukana Josée na familia yake yote. Princesse, wa myaka sita, alikuwa anamutosha bipande ya chupa na sindano. Alikuwa anafanya pole pole sana, sababu ile potopoto ilikuwa na harufu ya kwa mama yake.

Matofali ikakuwa chumba. Josée akatia kitanda ya mutoto, na moustiquaire ya rose ya kuzuia mbu. Yomba Barthélemy, ule aliongozaka mapatano ya familia mbili, akakuya kuangalia. Akakuta miguu imesimama ku mulango ya chumba, yenyewe tu.

— Inafika kila samedi?

— Kila samedi, yomba. Haikosake.

Muzee akatikisa kichwa.

— Basi miguu haiko na kosa. Tulikosa shiye. Tungemuapisha na mikono. Mikono njo inashika funguo.

 Chumba ilishaisha, matofali haikuhitajika tena. Josée akamwaga maji ku udongo, akatafuta chupa ingine.