Miguu ya Karatasi

Kinyozi hakuwa na ubaya wowote, ila neno "hapana" lilikuwa halimtoki mdomoni hata umkabe koo. Mtaani walimwita Bwana Sawa. Habari za likizo yake ng'ambo zilipovuja, ndugu wakamiminika, kila mmoja na karatasi aliyochorea wayo wake na kuikata vizuri.

"Kaka, viatu tu! Vya kule havichakai."

"Sawa."

"Mjomba, na mimi usinisahau."

"Sawa."

Mkewe, mpishi wa shule, alikuwa akiwatazama tu, roho inamuuma. Miaka nenda miaka rudi alisimama mbele ya masufuria ya kulisha watoto wa watu. Likizo hii aliitaka kwa jambo moja: akae ufukweni na mumewe, miguu majini, wasitumwe na mtu.

Thubutu! Walipewa chumba kinachoitazama bahari, na kinyozi akatandaza makaratasi yake kitandani. Kuanzia asubuhi ni maduka tu. Wauzaji walipoona watu wazima wawili wakitumbukiza karatasi ndani ya viatu, waliitana waje kucheka. Bahari yenyewe mpishi aliiona kwenye dirisha la teksi, imejaa watu wenye akili zao timamu.

"Baba, leo twende basi, hata kidogo," alimbembeleza siku ya mwisho.

"Sawa, mke wangu. Kimebaki cha dada tu."

Hicho cha dada kikawamalizia siku nzima. Mpishi alirudi hotelini miguu imevimba, akalala analia. Kwenye uwanja wa ndege mizigo ikazidi, na kilichopunguzwa, jamani, ni nguo zake yeye.

Nyumbani ndugu wakajaa sebuleni. Wifi yake akasukuma mguu, akasukuma tena, jasho likamtoka. Kiatu kikagoma katakata.

"Kaka, umeninunulia cha mtoto?"

Mpishi akaileta ile karatasi, akaiweka sakafuni. "Wifi, hebu kanyaga."

Mguu ukaifunika karatasi yote, ukazidi pande zote. Kumbe bibie alikuwa ameipunguza kwa mkasi, ati wauzaji wa ng'ambo wasimcheke! Wenzake wakaanza kutazama dari, maana na vyao vilikuwa vinabana.

"Haya, yaishe," wifi akasema harakaharaka. "Tuambieni basi, bahari ya kule ikoje?"

"Sijui," mpishi akajibu. "Mimi nilichoona huko ni miguu yenu."

Akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji, akaketi katikati yao na kutumbukiza miguu. Kinyozi akamtazama, aibu ikamjaa mpaka machoni. Akaanza kuvua viatu.

"Kaka," wifi akasema, "sasa ukirudi kule kunibadilishia hivi..."

"Hapana," akasema Bwana Sawa.

Mkewe akasogeza miguu, akampa nafasi kwenye beseni.