Kidole Kwenye Bango

Saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya fundi cherehani ilitetemeka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliyepiga ni mdogo wake wa kiume, mchoraji wa mabango ya kampeni ya usalama mtandaoni.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko na kola kumi na mbili za sare. Ukitaka kuja kunisaidia kupiga pasi, karibu."

"Acha mzaha. Funga mlango. Kuna mtu ameandika mtandaoni, chini ya picha ya bango: 'Kidole hicho nilikivunja mimi.'"

Mkasi ulimponyoka.

Wiki mbili nyuma mdogo wake alikuja humu dukani akampiga picha mkono tu wa kulia, wenye kidole kilichopinda, ukiwa umeshika simu. Uso hautaonekana, aliapa, wala jina. Juu ya picha aliandika kwa wino mwekundu: TAZAMA NYUMA YAKO KABLA HUJATUMA PICHA. Ofisi nzima ilimpigia makofi. Wote walikagua skrini ya ile simu. Hakuna aliyekagua kioo cha kujipimia nguo nyuma ya mkono, wala kibao cha duka la rangi la ng'ambo ya barabara kilichoonekana ndani yake, herufi zimegeuka lakini jina la mtaa linasomeka. Miezi kumi na moja ya kumkimbia mumewe ilibandikwa kwenye kila kituo cha basi.

Fundi alikuwa ameshagusa komeo mlango ulipompiga usoni.

"Mke wangu siku hizi mtu maarufu," mumewe alisema, akaurudishia mlango kwa kisigino. "Hata karibu hakuna?"

"Toka."

Mume alichukua rula ya mti akamchapa nayo shingoni mpaka ikakatika. Fundi alipoanguka, alimpiga teke la mbavu, kisha la pili mahali palepale. Akamkokota kwa nywele hadi kwenye cherehani ya umeme.

"Lete hicho kidole. Leo nakimaliza."

Alikibana chini ya sindano, akakanyaga pedali. Sindano ilipenya ukucha, ikakatikia kwenye mfupa.

Pasi ilikuwa ikichemka tangu asubuhi kwa ajili ya zile kola. Fundi aliifikia kwa mkono wa kushoto, akamgandamizia shavuni. Mume aliachia, akapiga yowe, akajishika uso. Fundi akainyanyua tena, akampiga kwa ncha yake kwenye paji, halafu kwenye panja, mara tatu, hadi waya ukachomoka ukutani.

Mdogo wake aliingia mbio saa nne na nusu, akasimama ghafla.

"Dada... iweke chini hiyo pasi."

"Kabandue mabango kwanza," alisema fundi. "Yote."

Saa sita na robo, daktari wa zamu alithibitisha kifo cha mume.