Kati ya Kidole na Goli

"Simamisha," Leboo alisema, akaiweka pedi juu ya goti. "Hii TV imechezewa."

Kelele zikaja kwa mkupuo, banda zima. Watu wa kwetu, Masuguru, walizomea. Wale sita waliotoka Handeni walisimama. Mimi, mwenye banda la gemu, nilikuwa nimeshika rimoti, nikatamani nisingekuwa nayo mkononi.

"Imechezewa na nani?" nikauliza.

"Rimoti unayo wewe, dada."

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mabati yanalia kwa joto. Mdogo wangu Kasmiri alikuwa anaongoza mabao matatu kwa sifuri, na kipindi cha kwanza kilikuwa kimebakiza dakika chache. Wiki mbili kabla tulikwenda kwao, Chanika, pale Handeni mjini, Leboo akamfunga manne kwa moja. Mabao yalikuwa yanajumlishwa. Maana yake sasa walikuwa nne kwa nne, na goli moja zaidi lingempeleka Kasmiri Tanga kushindana na vijana wa wilaya nyingine kwenye mpira wa gemu. Nafasi ilikuwa moja tu, kwa Handeni na Korogwe zote mbili. Kasmiri aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Kwa miezi minane, kila akirudi kupeleka abiria Makuyuni, aliegesha pikipiki mlangoni kwangu, akakaa kiti kilekile, mbele ya runinga hiyohiyo, mpaka nimfukuze.

"Akishinda, TV nzima. Akifungwa, TV mbovu!" Shadya, muuza juisi wa mlangoni, alipaza sauti. "Huko kwenu ng'ombe akikosa maziwa mnalaumu ndoo?"

"Ndoo ikiwa imetobolewa, tunailaumu," akajibu Resian, dada yake Leboo. Alisema taratibu, hata hakugeuka. Alikuwa anaangalia nyaya nyuma ya runinga, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama.

Mwamuzi wetu alikuwa Deogratius, fundi simu wa Mombo. Tulimchagua kwa sababu hakuwa wa kwetu wala wa kwao. Alipandisha mikono. "Leboo, sema vizuri. TV imefanya nini?"

"Nikibonyeza, mtu wangu anafikiri kwanza ndipo anapiga. Kwetu hafikiri."

Watu wakaangua kicheko. Leboo hakucheka. Alirudisha shuka lake jekundu begani, juu ya jezi, akamtazama Kasmiri. Kasmiri alikuwa anaangalia miguu yake.

Deogratius akaamuru wabadilishane pedi. Wakabadilishana, wakacheza dakika mbili za majaribio. Leboo, akiwa na pedi ya Kasmiri, bado alichelewa: pasi zilitoka baada ya mtu kumnyang'anya mpira, kipa akaruka mpira ukiwa umeshatulia wavuni. Kasmiri, akiwa na pedi ya Leboo, alicheza kama kawaida. Wakabadilishana viti. Ikawa vilevile.

"Basi si pedi, wala si kiti," alisema Deogratius.

"Ni mtu," mmoja wa Masuguru akatania. "Mtu wa Handeni amechoka na safari."

Resian akatoa simu. "Ero, kijana, tulia," alimwambia mdogo wake. "Piga shuti nikikuambia." Akaiweka simu kwenye video ya mwendo wa pole, akaisogeza mpaka kidole gumba cha Leboo na kioo cha runinga vikaonekana pamoja. Leboo akabonyeza. Tukainamia simu, vichwa vinagongana. Kwenye video kidole kilishuka polepole, kikafika chini, kikatulia. Mchezaji alikuwa bado anakimbia. Akakimbia. Akaendelea kukimbia. Ndipo mguu ukainuka.

Yule aliyetania habari za safari akaomba kuiona tena.

"Sasa huyu," Resian akasema, akamgeuzia Kasmiri simu.

Kasmiri alicheza, akapokea pasi, akafunga. Tukaangalia. Kidole chake kilishuka mpira ukiwa bado njiani. Kilishuka kabla mchezaji hajaugusa, na mguu ulipoinuka, mpira ulikuwa ndiyo kwanza unafika. Vikakutana sawasawa.

"Mnaona?" Resian alirudia kipande hicho mara tatu. "Anawahi. Mtu hawezi kuwahi kuchelewa asikokujua. Hapa kuna mchezo unachezwa, na huyu anaujua."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini nikaikumbuka Chanika. Kule kipa wa Kasmiri alikuwa anaruka mapema, mpira unapigwa yeye ameshalala. Mabeki wake walitoa pasi kwa watu ambao hawajafika. Tulirudi Korogwe tukiapa kwamba walimpa pedi iliyotegwa, na mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikakumbuka pia kwamba asubuhi banda hulifungua Kasmiri. Funguo anazo. Rimoti huwa naye mpaka nifike.

"Kasmiri," nikamwambia, "uligusa mipangilio?"

"Na wewe pia, dada?"

Hakusema hapana. Nililiona hilo, na nadhani Resian aliliona vilevile.

Deogratius akaangalia saa. "Mwenye banda ana dakika kumi aikague TV yake. Asipoona tatizo, mechi nitaifuta na matokeo ya Handeni yabaki. Wengine nje."

Wakatoka kunywa juisi ya Shadya. Resian hakutoka. Alisimama mlangoni, jua mgongoni, mikono ameikunja. Alikuwa mbali, hakuweza kusoma maandishi, lakini mikono yetu aliiona. Kasmiri alibaki kwenye kiti chake.

Nikafungua mipangilio. Yote iko kwa Kiswahili. Siku nilipoinunua runinga hii, jambo la kwanza lilikuwa kuiondolea Kiingereza. Watu walinicheka, lakini mimi ndiye niliyemfanya fundi wa jirani apake upya kibao kilichoandikwa "simu ziliyo haribika", na sikuwa tayari kusemeshwa Kiingereza na kitu nilichokinunua mwenyewe. Kwenye picha kulikuwa na Kawaida, Angavu, Filamu na Michezo. Nilikuwa nimechagua Michezo. Ilikuwa bado hapohapo, hakuna aliyeihamisha. Nikashusha pumzi.

"Iko kwenye Michezo," nilimwambia Resian kwa sauti. "Banda la gemu, runinga iko kwenye Michezo. Mnataka nini tena?"

"Michezo ipi?"

"Ya kucheza. Kwani iko mingapi?"

"Sijui, dada. Wewe ndiye mwenye Kiswahili. Mimi redioni wakisema habari za michezo, sijawahi kusikia wakisoma za gemu."

Nikatabasamu ili nimjibu, na tabasamu likakwama. Chini ya neno Michezo kulikuwa na maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma, kwa sababu neno lenyewe lilinitosha. Yalisema: Hulainisha mwendo wa picha kwa matangazo ya mpira, mbio na ndondi.

Ya kutazama, basi. Ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Runinga ilikuwa inachukua kila picha, inaipiga pasi kwanza ili isionekane imekunjamana, na muda wote huo kidole cha mtu kimesimama nje kinabisha hodi.

Nikarudi nyuma, nikaingia kwenye mipangilio ya jumla, nikapekua ukurasa baada ya ukurasa mpaka kwenye vifaa vilivyounganishwa. Hapo, peke yake, mstari mmoja: Hali ya Mchezo. Umoja, si wingi. Mbele yake: Imezimwa. Chini yake: Hupunguza kuchelewa kati ya kifaa cha kuchezea na picha.

Miezi yote minane hali hiyo ilikuwa pale, imezimwa.

"Dada." Kasmiri aliongea bila kufungua meno. "Usiguse."

Nikamtazama.

"Mwambie umekagua, umezima umewasha, iko sawa. Deo atatuacha tumalizie, anaogopa kelele za watu. Nahitaji goli moja. Moja tu."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua inachelewa. Nilidhani zote ziko hivi, mikono ikazoea. Nilipofika Chanika ndipo nilipojua si zote."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu kwenye basi ulikuwa unawatukana kwa pedi iliyotegwa." "Ukiibadilisha hii, nitakuwa mgeni kwenye kiti changu mwenyewe. Nitafungwa nyumbani."

"Mnanong'ona nini?" Resian akauliza.

Hapo kila kitu kilikuwa kidoleni mwangu. Nikibonyeza, Tanga inamtoka. Nisipobonyeza, naweza kuuzima ukurasa, Resian hajausoma, na mdogo wangu, ambaye babu yetu alikuja kukata mkonge Mazinde akafa bila kutajwa hata kwenye mkutano wa kijiji, angesomwa jina lake kwenye kipaza sauti mkoani. Lakini Resian alikuwa na ile video. Angeionyesha Handeni nzima, na kidole kile kinachowahi kingekuwa kidole cha mwizi. Na mwizi wa kweli, kama yupo, alikuwa mimi na wingi wangu.

"Njoo usome," nikamwambia Resian. "Muite na Deo."

Kasmiri akafumba macho.

Wakaja wote, si Deo peke yake. Nikasimama mbele ya runinga, nikasoma kwa sauti, mstari wa Michezo kwanza, kisha wa Hali ya Mchezo. Nikasema: "Nilidhani Michezo ni hii tunayocheza. Kumbe ni ya kutazama. Hii yetu iko kule ndani, imezimwa. Aliyekosea ni mimi. Niliiweka mimi mwenyewe, siku ya kwanza."

Shadya akapiga makofi. "Jamani! Mwalimu wa vibao kashindwa na umoja na wingi!"

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Uso ulinichoma kama nimepakwa pilipili. Nilisimama nikakipokea kicheko chote, kwa sababu nilidhani kikiisha mambo yataisha.

Hayakuisha. Leboo alisubiri watulie. "Kosa la neno, sawa," alisema. "Nimekubali. Ila na yeye alikuwa hajui?"

Alikuwa ananiuliza mimi, akimwonyesha Kasmiri kwa kidevu. Nikatafuta sentensi isiyokuwa uongo wala ukweli. Kiswahili kina nyingi. Siku hiyo sikuipata hata moja.

"Nilijua," Kasmiri akasema mwenyewe. "Tangu nilipotoka kwenu. Haya, iwasheni tucheze."

Deogratius alitangaza kwamba mechi inaanza upya, sifuri kwa sifuri, na yale manne kwa moja ya Chanika yanabaki. Nikaiwasha Hali ya Mchezo. Picha ikabadilika kidogo, rangi zikafifia, nyasi zikapoteza ule ung'avu. Resian akapiga video tena, akahakiki, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akahakiki mara ya pili. Kisha akaniomba rimoti, akaikalia.

Kipindi cha kwanza sikuweza kukitazama vizuri. Vidole vya Kasmiri vilikuwa vinakimbia mbele yake. Alipiga mashuti hewani, akatoa pasi kwa nyasi, kipa wake akalala kabla ya wakati, Leboo akauviringisha mpira ndani kama anayefunga zizi. Sifuri kwa moja. Watu wa Masuguru walianza kuangaliana. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Anajifungisha huyu. Atakuwa ameelewana nao." Hata sasa, baada ya yote!

Kipindi cha pili aliacha kukiangalia kioo kwa hasira. Alianza kusubiri. Ulikuwa unamwona anakizuia kidole juu ya kitufe, halafu anakiachia. Dakika ya sitini na tano akasawazisha. Dakika ya themanini akafunga la pili, zuri sana, kiasi kwamba Leboo mwenyewe alisema "Eeh!" kabla hajakumbuka kuwa ni adui. Mpira ukaisha mbili kwa moja. Kasmiri alishinda mechi, Leboo akashinda safari: matano kwa matatu kwa jumla.

Wakapeana mikono. Leboo aliushika mkono wa Kasmiri muda mrefu, akauangalia, kana kwamba kuna kitu kingine kimefichwa kwenye kidole gumba. "Ungefundishwa na TV nzima," alisema, "leo ningerudi mikono mitupu." Sikujua kama ni sifa au ni onyo.

"Ile video utaifuta?" nilimuuliza Resian akinirudishia rimoti.

"Akishafika Tanga salama," alijibu. "Bado sijawajua ninyi."

Banda likabaki na sisi wawili na viti vilivyosukumwa huku na huku. Nilianza kuvipanga. Kasmiri hakuondoka. Alifungua mipangilio, akarudi kwenye picha, akaanza kushuka mstari mmoja mmoja.

"Hii?" aliuliza.

"Ukali wa picha."

"Inafanya nini?"

"Inaongeza makali. Mistari inaonekana vizuri."

"Una uhakika, au unajua neno tu?"

Nikaacha kiti nilichokuwa nimekishika. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na majibu matatu. Nikavuta stuli nikakaa pembeni yake.

"Iongeze," nilisema. "Halafu piga shuti, tuone."