Kushuka Hakukuonyeshwa

Mpaka leo nikiingia sokoni hapa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, kununua jibini yangu, sikosi kukutana na mtu mzima na mvi zake akanidaka mkono. "Wewe si yule dada wa gundi?" Ndiyo, ndiye mimi. Miaka saba nilikaa kwenye televisheni kila Alhamisi jioni, nikiwaonyesha watoto jinsi ya kutengeneza roketi kwa chupa za sabuni ya vyombo, na jina nililoambulia ndilo hilo. Halafu linafuata swali la pili, nalijua kabla halijatoka mdomoni: "Na Des je? Unakumbuka alivyopanda lile bomba la moshi?"

Nakumbuka, tena kuliko wao.

Kipindi chetu kiliitwa Kabla ya Chai, maana chai huku kwetu ni chakula cha jioni, na kipindi kilikwisha pale mama za watoto walipokuwa wanamimina maharage juu ya mkate wa kuchoma. Meza moja, viti viwili. Kulia Des Kershaw, kushoto mimi, Avril Haslam. Mimi makasi na gundi. Yeye ndiye aliyerushwa kutoka kwenye ndege na mwavuli mgongoni, ndiye aliyetiwa kwenye pipa akabingirishwa mlimani, ndiye aliyemlisha simba wa sarakasi kwa mkono. Siku zile hakukuwa na kofia ngumu wala mtu wa usalama wa kukusumbua. Mkuu wa kipindi alisema "panda," Des akapanda, na kesho yake watoto nchi nzima wameanguka kutoka kwenye mapaa ya vibanda vya makaa. Watoto wale, sasa watu wazima, wanayasimulia hayo huku macho yanang'aa, wanasema watoto wa sasa hawana bahati. Mimi huwaambia watoto wa sasa wana mifupa mizima, lakini moyoni nakubaliana nao.

Sasa sikiliza. Tulikwenda hewani moja kwa moja, ukikosea umekosea. Na Des, huyo simba wa watu, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua zamu yake ya kusema ni ipi. Angekaa anatabasamu mpaka nchi nzima ione haya. Basi tukabuni njia. Chini ya meza, kamera isikofika, nilimbonyeza mguu kwa kiatu changu, mara moja tu, maana yake zamu yako. Akimaliza, naye ananibonyeza. Miaka saba tukazungumza kwa miguu namna hiyo, na hakuna aliyejua.

Nilimpenda? Nilimpenda, nisikudanganye. Akamwoa Noreen, na Noreen akawa rafiki yangu wa chanda na pete, basi nikafunga mdomo. Hawakujaliwa mtoto. Noreen alipofariki nilimpikia Des supu majira yote ya baridi, nikaiacha mlangoni, nikarudi kwangu mtaa wa nyuma.

Mwaka huu, Des akiwa na miaka themanini na moja, kiharusi kikampiga upande wa kushoto.

"Alhamisi tutampima ngazi," Bethan akaniambia wodini. Bethan ni binti wa kutoka Wales, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mchangamfu, mikono yake ina nguvu kama ya mwokaji mikate. "Akipanda na kushuka, anarudi kwake. Akishindwa, Bi Avril, nitamwandikia nyumba ya wazee. Kule kwake choo kiko juu, siwezi kumruhusu."

"Na akiweza?"

"Akiweza, bado lazima awepo mtu wa kulala naye nyumba moja wiki za mwanzo. Mzee Desmond, unaye mtu?"

Des akageuza uso dirishani. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo na maneno yalitoka polepole, lakini masikio yalikuwa mazima. "Nita... angalia," akasema.

Sanduku langu ningelifunga kwa robo saa, na paka ningemchukua. Lakini tangu nizaliwe sijajialika kwa mtu, na nilitaka huyu mwanamume aniombe kwa mdomo wake. Hebu fikiri, bibi mzima wa miaka sabini na sita, bado anangoja kuombwa.

Bethan alipoondoka, Des akanishika kidole. "Av. Kule... nitakufa."

"Acha ujinga wewe. Kule wanacheza bingo."

"Av."

"Najua," nikasema. "Najua, Des. Basi panda hizo ngazi."

Jumatano walimjaribisha, akagoma kwenye kidato cha kwanza cha ngazi. Aligandamana na reli ya kushikia, jasho likamtoka, wakamrudisha kwenye kiti. Jioni hakunywa hata chai. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, kisha nikamkasirikia paka bila sababu.

Alhamisi nilifika mapema, nimejipaka rangi ya midomo. Chumba cha mazoezi kilikuwa na zile ngazi zao za mbao zisizokwenda popote: vidato vinne vya kupanda, kijukwaa, vidato vinne vya kushuka upande wa pili, basi. Kando yake alikuwa amekaa jamaa mnene aliyewekewa nyonga mpya, akisubiri zamu yake na magongo yake mapajani. Aliitwa Trevor Ogden, dereva wa lori mstaafu. Alimtazama Des, akanitazama mimi, akamtazama Des tena.

"Mungu wangu! Kabla ya Chai!" akapiga kelele. "Huyu si Des? Na wewe si dada wa gundi?"

"Ndiye," nikasema huku nimeuma meno.

"Mzee, ona!" Trevor akakunja mkono wa shati. Kulikuwa na kovu kwenye kiwiko. "Hili ni lako! Ulipopanda bomba la moshi, mimi kesho yake nikapanda paa la shangazi yangu. Nilivunjika hapa na hapa. Mama alitaka kukuandikia barua ya matusi!"

Des akacheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu alazwe.

"Alipanda nini?" Bethan akauliza.

"Ala! Hujui?" Trevor akamgeukia kama vile ametukanwa. "Huyu mzee unayemshika kiuno hapo alipanda bomba la kiwanda cha nyuzi mpaka juu, ngazi zimefungwa kwa kamba tu kwenye matofali, upepo unavuma, suruali yake pana kama pazia, na njia nzima anaongea na sisi! Tulikuwa nyumbani tumeng'ata mito. Alipofika juu akapunga mkono. Mimi nililia, na nilikuwa na miaka tisa."

"Basi atatupandia na hizi," Bethan akasema, akakaza mkono kwenye mkanda wa Des. "Mguu mzima kwanza."

Des aliishika reli. Akatazama vile vidato, akamtazama Trevor.

"Watoto," akasema.

"Tupo!" Trevor akajibu. Walikuwepo na wagonjwa wengine wawili, mama mmoja kwenye baiskeli ya mazoezi na mwenzake mwenye bandeji gotini, wote wa rika hilohilo, nao wakaitika, "Tupo, Des!"

"Watoto... hiki ndicho... cha kwanza." Mguu wa kulia ukapanda, wa kushoto ukaburutwa nyuma yake. "Msi... jaribu... nyumbani."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Alipanda cha pili, cha tatu, akihema, akiwaeleza watoto wake kila kidato kilivyo, na alipofika kwenye kijukwaa akaachia reli kidogo akapunga mkono. Yule mama akaacha kuendesha baiskeli ili apige makofi. Trevor alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Amepita!" akasema. "Mpe cheti chake, binti, aende zake!"

"Bado," Bethan akasema. "Sasa ashuke."

Nilikuwa namtazama Des usoni, nikauona uso ule. Mara ya mwisho nilikuwa nimeuona miaka hamsini nyuma. Rangi ilimtoka, macho yakabaki wazi bila kuona kitu, na vidole vikaishika reli mpaka vikawa vyeupe.

"Mzee Desmond? Mguu mbovu kwanza, taratibu. Nimekushika."

Hakusogea. Bethan akamwita tena. Trevor akasema, "Haya mzee, hiyo ndiyo rahisi!" Kumbe hajui, maskini. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeonyeshwa.

Siku ile Des alipopunga mkono juu ya bomba, kipindi kikaisha, watoto wakaenda kula, kamera zikazimwa. Des akabaki juu. Eli Crabtree, fundi wa mabomba ya moshi aliyemtangulia na kamba, alipiga kelele kutoka kileleni, "Huyu hanisikii! Ameikumbatia ngazi hataki kuiachia!" Tulingoja pale chini, maana siku ile kipindi kizima kilirushwa kutoka kiwandani. Kiza kilikuwa kinakaribia na upepo unazidi. Mkuu wa kipindi alikuwa anatembea huku na huku akisema magazeti, magazeti, kana kwamba magazeti ndiyo yaliyokwama. Eli akasema anahitaji mtu wa chini ya Des, wa kumwekea miguu kwenye vidato. Nikavua viatu. Msaidizi wa Eli, aliyepaswa kubaki chini kushika kamba, akanifunga kiunoni, akanitazama sketi, akasema, "Dada, una wazimu," nikamwambia afunge fundo vizuri badala ya kupiga domo.

Niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, na hilo pia sijamwambia mtu. Nilipanda nikitazama tofali moja baada ya jingine, masizi mdomoni, mpaka kikatokea kisigino cha Des juu ya pua yangu. Alikuwa analia. Nilimwita, hakusikia. Basi nikafanya nilichokijua, nikaweka kiganja juu ya kiatu chake nikambonyeza mara moja. Kile kisigino kikatikisika, kisha mguu ukashuka kidato kimoja. Nikabonyeza wa pili, nao ukashuka. Hivyo mpaka ardhini, alipogeuka nikauona ule uso, na hatukusemezana hata neno. Mkuu wa kipindi akatuambia hakuna kilichotokea, na kesho yake akaninunulia soksi mpya za nailoni badala ya zile zilizochanika, ndiyo shukrani niliyoipata.

"Nipishe hapo, mwanangu," nikamwambia Bethan.

"Bi Avril, hairuhusiwi—"

"Wewe mshike kiuno. Miguu niachie mimi."

Nikaweka mkoba sakafuni, nikapiga magoti mwishoni mwa zile ngazi, upande wa kushukia, na magoti yakalia mpaka Trevor akasema "Aiii." Nikanyoosha mkono, nikaweka kiganja juu ya sapatu ya mguu wa kushoto, nikaibonyeza mara moja.

Hakuna kilichotokea. Nikasema taratibu, "Zamu yako, Des," nikabonyeza tena.

Akashusha macho akanitafuta, akanipata. Ule mguu ukasita hewani, ukatua kwenye kidato cha chini, na Bethan akamtuliza kiuno mpaka wa kulia ukaufuata. Nikabonyeza. Akashuka. Nikabonyeza. Nilikuwa narudi nyuma kwa magoti, rangi ya midomo imeingia kwenye meno, na sikujali. Alipokanyaga sakafu, nikauachia ule mguu.

Bethan akamkalisha kwenye kiti. Des akamnyooshea Trevor kidole.

"Siku ile," akasema. "Nili... kwama. Juu. Nililia."

"Wewe?" Trevor akasema.

"Huyu... alinifuata." Akanigusa bega. "Na sketi. Bila viatu. Akani... shusha. Wakaninyamazisha. Nikanyamaza. Miaka... yote."

Trevor akanigeukia, mdomo wazi. "Dada wa gundi?"

"Dada wa gundi," Des akasema, na jina lile halikukwama mdomoni hata kidogo.

Sikujua niangalie wapi. Nikatafuta kiti, nikakaa kushoto kwake, mahali pangu pa siku zote, nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeshazoea lile jambo liwe langu peke yangu. Machozi yalinitoka tu, nikayaacha.

Bethan naye alikuwa anapenga kamasi. Kisha akachukua kalamu yake, akakumbuka kazi. "Ngazi umefaulu, mzee. Limebaki lile moja. Nyumbani utakuwa na nani?"

Des akatazama mbele. Masikio yakawa mekundu, kama yalivyokuwa kila kamera ilipomgeukia naye hajui aseme nini. Nami nikatazama ukuta. Kujialika sijialiki. Nilisema moyoni, niombe, Des, mara hii moja tu, hata kwa nusu neno.

Nikahisi uzito juu ya kiatu changu. Nikatazama chini. Ilikuwa sapatu ya kushoto, ya ule mguu ambao Bethan alisema haujapata nguvu ya kwenda kokote peke yake. Ulikuwa umevuka sakafu, pole pole, mpaka kwangu, na ukanibonyeza mara moja.

"Mimi," nikamwambia Bethan. "Andika Avril. Nipo mimi."