Gego la Binti wa Mfalme

Mwalimu wa fasihi alichomeka projekta, akaifuta lenzi kwa pindo la shati, kisha akawaonyesha wanafunzi wake slaidi ya tamthilia kongwe waliyokuwa wakiisinzilia tangu muhula uanze. Ilikuwa na picha ya binti wa mfalme akilia. Chini yake palikuwa na kitufe: "Bonyeza hapa umuulize binti."

Msichana wa dawati la mbele akabonyeza. Binti akashuka ukutani, akajikung'uta vumbi la chaki, akaomba maji ya kunywa.

Hapo ikazuka shida ndogo ya adabu. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, lakini tamthilia ilimzidi umri hata bibi yake mwalimu. Mwalimu akafikiri kidogo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Msichana akauliza, "Mbona unalia onyesho zima la pili? Tumeambiwa ni uchungu wa mapenzi."

"Mapenzi gani tena? Jino! Gego la huku chini. Kila nikifungua mdomo niseme, baba ananiletea mchumba."

Mchana mwalimu akampeleka kwa daktari wa meno, aliyeling'oa gego na kuuliza kama mgonjwa ana bima. Tangu siku hiyo, katika vitabu vyote vya stoo, onyesho la pili, kwa kukosa kilio, lilibaki nusu ukurasa. Wanafunzi wakaipenda tamthilia, wakawa wanagombea kitabu.

Mtihani ukaja: "Eleza kwa nini binti alilia." Darasa zima likaandika jino. Binti, ambaye alikuwa ameshashonewa sare, akaandika jino na kuchora mchoro. Wote wakapata sifuri.

Mwalimu akaenda na binti kwa mwalimu mkuu, gego likiwa ndani ya kikopo. Mwalimu mkuu akaligeuzageuza.

"Jino zuri. Ila mwongozo wa kusahihishia unasema mapenzi."

"Lakini mzee, niliyelia ni mimi."

"Sikatai, binti yangu. Hukusoma swali vizuri, basi."

Muhula uliofuata swali likarudi vilevile. Binti akajaza kurasa mbili za uchungu wa mapenzi, akasifia hata macho ya kijana ambaye hajawahi kumtia machoni. Akapata alama zote, akaitwa mbele ya shule nzima, akapigiwa makofi. Mwalimu wa fasihi naye akapiga, maana wenzake walikuwa wanamtazama.