Wageni wa Beseni la Otilia

Jumatatu asubuhi, majira ya baridi ya mwaka 2008, Otilia alitumbukiza bunduki kwenye beseni la maji moto na sabuni, akaanza kuisugua grisi. Akatoka Mjerumani mwenye tundu la risasi shingoni, akauliza koti alitundike wapi.

"Msumari uko nyuma ya mlango," alisema Otilia. "Na viatu pangusa."

Karakana ilikuwa ughaibuni, karibu na njia panda ya barabara za Jane na Finch, kati ya duka la matairi na kanisa la Wakongomani. Mwenye karakana, Hussainali, mzaliwa wa Moshi, alinunua bunduki kuukuu za vita vya wazungu, zile za kuvuta komeo kwa kila risasi, akazigeuza kuwa za wadunguaji wa majeshi: kitako kipya, darubini juu, basi kikongwe kinaona ng'ambo ya bonde. Kazi ya Otilia ilikuwa kuosha. Kila bunduki iliyooshwa ilimtoa mtu aliyeuawa nayo mwisho.

Hussainali hakuwa na neno nao, ila sukari.

"Mama Nicole, hawa wafu wako wanakunywa chai kama wako harusini."

"Wametoka mbali, patroni. Wewe ukitoka Mississauga tu unalia njaa."

Wafu hawakutulia. Walizunguka mashine, wakafungua na kufunga droo, wakauliza basi linapita saa ngapi. Mikono yao ilikuwa baridi kama bomba. Chai ikiisha walitoka kwa mlango wa malori, wakapotea thelujini.

Otilia naye hakutulia. Mumewe, Eustache, alidunguliwa shambani kule Uvira, risasi ikitoka kilima cha pili. Watu walikimbia, maiti haikuoshwa wala kuzikwa. Kama maiti haijaoshwa, matanga hayaanuliwi. Na nyumba yenye matanga haiozeshi binti. Nicole alikuwa na mchumba huko Pickering, na mchumba alishaanza kunenepa kwa kungoja. Ndiyo maana Otilia alikataa kazi ya kulea wazee, akang'ang'ania beseni, kila mtutu akiuchungulia kwanza.

Likaja sanduku kutoka nchi za Maziwa Makuu. Bunduki moja humo, yenye kitako kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, ikamtoa Eustache na jembe lake, matope bado mabichi.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe unanuka grisi. Vua shati."

Akamwosha hapo hapo, taratibu, toka kichwani hadi vidoleni, Hussainali akigeukia ukuta kwa heshima. Alipomaliza, Eustache alisema, "Hii bunduki usiiache itoke tena."

Otilia akamwomba Hussainali.

"Mama, hii imelenga bonde zima bila darubini! Ingekuwa mbovu ningekupa ukapondee karanga. Nzuri ina mteja."

Otilia akachomoa komeo, akalitia mkobani, akaenda nalo nyumbani akalichemsha pamoja na maharagwe. Hussainali akatia jingine. Alikuwa nayo ndoo nzima.

Matanga yakaanuliwa. Nicole akaolewa. Baba yake alisimama nyuma kabisa kanisani; hakucheza, jembe lilimzuia. Pilau ilipoisha alitoka nje, naye akapotea thelujini.

Jumatatu iliyofuata bunduki ile ilikuwa imeshavaa darubini. Otilia akaipangusa kwa mara ya mwisho. Akatoka mwanamke mwenye mwiko mkononi, simu ikilia mfukoni.

Otilia akampa mkono. Ulikuwa na joto. Akaushika tena, ahakikishe. Huyu alikuwa bado hajafa.

"Mimi sikai, dada," alisema mwanamke, akitazama huku na huku. "Nimeacha sufuria motoni."

"Chai kwanza," alisema Otilia. Akamvutia kiti, akamtilia sukari, akaongeza, akaongeza tena.

Hussainali aliiona ile sukari. Alikuwa na misumari mdomoni, akipigilia kifuniko cha sanduku la bunduki ile.