Mtungi wa Shirazi

Wallahi haya yote ni kweli tupu, na kama humo mna uwongo basi umeingia wenyewe nilipokuwa nimefumba macho.

Mwaka wa hamsini na mbili, Mwinshehe wa Buguruni aliamka asubuhi akaacha kuwa Mzaramo. Aliyemchosha ni Kasimiri, Mnyamwezi wa mtaa wa nyuma. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za kubeba pembe za ndovu, na utani hauna mahakama: Kasimiri alikwishamchukulia kofia, mwamvuli na pilau ya Idi, tena na sahani yake. Sasa alimtaka jogoo, naye Mwinshehe alimpenda yule jogoo kuliko shemeji zake wote.

"Mie Mshirazi," akatangaza barazani. "Mshirazi hana utani na nyie. Mtungi ule mweupe pale mlangoni babu yangu wa nane alikuja nao kutoka Shirazi. Kaukumbatia njia nzima, hata kula hakula."

"Miezi mitatu baharini bila kula?" Kasimiri akauliza.

"Alikuwa na subira."

Kasimiri hakubishana. Alimwita Benedikto, mpangaji wa chumba cha uani, aliyefanya kazi katika maabara moja mjini. Benedikto akaeleza kwamba ukisaga kigae, ukakiyeyusha kwa tindikali, ukapima chuma na chokaa iliyomo, utajua udongo wake ulichotwa wapi, mradi upate wa kulinganisha nao.

Wakakubaliana: ukionekana ni wa huku, utani unarudi na jogoo anakwenda. Mwinshehe akamega ukingo wa mtungi kwa mkono wake, tena akajitolea kuleta udongo wa kulinganisha. Akaleta tope la Msimbazi, mchanga wa Kurasini na udongo mwekundu wa kukandikia nyumba. Mzee hakuwa mjinga. Udongo wa kufinyangia hakuleta hata chembe.

Jumamosi iliyofuata Benedikto akaja na karatasi. "Shikamoo, mzee. Kigae chako kina chuma kidogo mno. Hakifanani na udongo wowote ulioleta."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mwinshehe, ambaye alikwishaanza kukaa Kishirazi. "Kasimiri, kuanzia leo ukipita hapa upige hodi."

Benedikto hakuwa amemaliza. Akamtazama mkewe, Eufrazia, aliyeketi ngazini na mimba ya miezi saba, akitafuna udongo kama watafunavyo waja wazito. "Nililinganisha na huo pia. Nilimwibia kipande, maana nao mweupe. Chuma sawasawa, chokaa sawasawa."

"Unaununua wapi, mama?" Kasimiri akauliza, kwa upole wa paka aliyeona dagaa.

"Hapo sokoni, kwa yule bibi wa Pugu. Mitungi yake anaipanga pembeni." Eufrazia akaacha kutafuna. "Unisamehe, mzee. Kumbe tangu mimba ya miezi minne nawala babu zako."

Mwinshehe akajitetea kuwa huenda babu alikuja mikono mitupu, akafinyanga alipofika Pugu.

"Sasa njia nzima alikumbatia nini?" Kasimiri akauliza.



"Nia," akasema Mwinshehe.

Kasimiri akaingia uani, akatoka na jogoo wangu kwapani. Wa Mwinshehe, nilitaka kusema. Haya, wangu. Mnacheka nini, si nimeshamtoa?